Usaili wa Kazi Katika Kampuni za Programu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wasailiwa

Majibu haya ni kwa wanaoomba kazi ya kutengeneza programu, iwe kwenye kampuni ndogo ya Kijitonyama au Kilimani, iwe kwenye kituo kikubwa kama kile ambacho Microsoft ilikianzisha Nairobi mwaka 2019, iwe kwa kampuni ya Ulaya au Marekani inayomwajiri mtu akiwa nyumbani kwake Mwanza. Maswali yametoka kwa wasailiwa wenyewe, na machache kwa wenzangu ninaokaa nao kwenye majopo. Nimekaa upande wa kuuliza na upande wa kujibu. Msimamo wangu nausema mapema: wengi wanaokosa kazi hizi wana ujuzi wa kutosha, ila huingia chumbani bila kujua wanapimwa nini, na hawathubutu kuuliza.

Nimeitwa usaili. Nitarajie hatua ngapi?

Inategemea kampuni, ila mfuatano wa kawaida ni huu. Mtu wa rasilimali watu anakupigia simu fupi ili ajue kama CV ni yako kweli, kama unapatikana, na kama mshahara unaoutaka haupishani mno na bajeti yao. Kisha unapewa jaribio la kuandika programu, ama mtandaoni kwa muda maalumu, ama la kufanyia nyumbani. Ukivuka hapo unakutana na wahandisi wenyewe. Mwenye uzoefu huongezewa kipindi cha kubuni mfumo. Mwisho meneja, halafu habari za mshahara.

Kampuni changa za kwetu hukata njia: jaribio moja, unaongea na mwanzilishi, na kabla wiki haijaisha umeshajua hatima yako. Kampuni kubwa huchukua wiki nyingi. Google iliwahi kuwa na sifa ya kumsaili mtu mmoja mara nyingi kupita kiasi, mpaka walipochambua takwimu zao wakaona kwamba baada ya usaili wa nne, kila wa ziada hauongezi chochote cha maana kwenye uamuzi. Kwa hiyo kampuni ya watu kumi ikikuita kwa mara ya saba, una haki ya kuuliza kwa heshima ni jambo gani ambalo bado hawajaliona kwako.

Ile simu ya kwanza ndiyo mahali pa kuuliza. Sema tu: "Naomba kujua hatua zilizobaki ni zipi, nitasailiwa na akina nani, na nitaruhusiwa kutumia lugha gani ya programu." Sijawahi kuona jopo makini likichukizwa na swali hilo. Kampuni kama GitLab zimeweka utaratibu wao wa kuajiri hadharani ili kila mwombaji ausome kabla. Kampuni inayoficha hatua zake kana kwamba ni siri ya vita imeshakueleza jinsi inavyowatendea watu wake.

Wakinipa swali la kuandika programu mbele yao, wanatazama nini hasa?

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, kwa hiyo nitakawia kidogo.

Chukua swali la kawaida kabisa. Unapewa orodha ya kiasi cha miamala, na unaambiwa utafute miamala miwili ambayo jumla yake ni 50,000. Msailiwa wa kwanza anasoma, anainama, anaandika kimya kwa dakika kumi na tano. Kwenye skrini kunatokea mizunguko miwili, mmoja ndani ya mwingine, ikilinganisha kila muamala na kila muamala. Jibu ni sahihi. Anasema, "Nimemaliza." Jopo halijui alifikiri nini, halijui kama anafahamu udhaifu wa alichokiandika, na muda umekwisha.

Msailiwa wa pili anaanza na maswali. Orodha ina miamala mingapi, mia au laki? Je, muamala mmoja unaweza kutumika mara mbili, yaani 25,000 ikijumlishwa na yenyewe? Pasipokuwa na jibu, nirudishe nini? Baada ya hapo anasema: "Njia rahisi ni mizunguko miwili. Nitaitaja kwanza, ila kwa orodha ya miamala 100,000 itafanya ulinganisho unaokaribia bilioni tano. Afadhali nipite mara moja tu, kila kiasi ninachokiona nikiweke kwenye kamusi, yaani kumbukumbu ambayo programu huitafuta papo hapo, na kabla ya kukiweka niangalie kama pacha wake, yaani 50,000 ukitoa kiasi hicho, nimeshamwona." Anaandika, anakosea jina la kigezo kimoja, anaipitisha orodha ya namba nne kwa mkono, anaigundua hitilafu mwenyewe na kuirekebisha.

Hata kama huyu wa pili hakuifikisha programu yake mwisho, kwenye majopo niliyokaa mimi yeye ndiye anayepewa alama za juu. Ameonyesha anavyofafanua tatizo kabla ya kulivamia, anavyopima gharama ya njia, na anavyokagua kazi yake mwenyewe. Hayo ndiyo atakayoyafanya kila siku akiajiriwa.

Basi jizoeze kufikiri kwa sauti. Wengi wetu tumelelewa kwamba mwanafunzi mzuri hukaa kimya mpaka apate jibu kamili, ndipo anyooshe mkono. Kwenye usaili wa aina hii kimya kinakunyima alama ulizostahili. Kaa na rafiki, mpe swali, naye akupe lako, kila mmoja azungumze anapoandika. Utajisikia ovyo mwanzoni, kisha utazoea.

Nikitazamwa akili inaganda kabisa. Ina maana mimi si programa?

Hapana, na hili lina ushahidi. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina wakishirikiana na Microsoft waliwapa wanafunzi 48 swali la kuandika programu. Kundi moja lilitatua kwenye ubao mweupe huku mtu akitazama na kusikiliza. Kundi jingine lilitatua kwenye ubao huohuo, chumbani peke yao. Waliotazamwa ufanisi wao ulishuka kwa zaidi ya nusu. Kundi lilikuwa dogo, lakini jambo moja liliwashtua watafiti: wanawake wote waliofanya mbele ya mtazamaji walishindwa, na wanawake wote waliofanya faraghani walifaulu. Watafiti wenyewe walisema usaili wa namna hiyo unapima woga wa kutazamwa.

Kuna pia kisa cha Max Howell, aliyetengeneza Homebrew, programu ya kusakinishia programu nyingine inayotumiwa na wahandisi wasiohesabika kwenye kompyuta za Mac. Mwaka 2015 alieleza hadharani kwamba Google walimkataa, na kwamba alikwamia kwenye swali la kugeuza ubaoni mti wa matawi mawili, namna mojawapo ya kupanga data, ilhali wengi wa wahandisi wao walikuwa wanatumia kazi ya mikono yake.

Nasema haya ili usijihukumu, ila ukweli ni kwamba bado utatazamwa, kwa hiyo jilinde. Omba dakika mbili za kusoma swali peke yako. Wengi hukubali ukiomba. Ukikwama, sema ulipokwama: "Najua nahitaji kukumbuka vitu nilivyopita, bado sijaamua nivihifadhi wapi." Msaili mwenye utu atakusogeza kidogo, na kupokea msaada vizuri nako kunahesabiwa. Asiyekusogeza, akakuangalia tu huku anaandika barua pepe zake, amekuonyesha atakavyokuwa mkiwa timu moja.

Je, bado wanauliza mafumbo, kama mipira mingapi inaingia kwenye ndege?

Mara chache. Laszlo Bock, aliyekuwa mkuu wa masuala ya watu Google, alikiri mwaka 2013 kwamba mafumbo hayo yalikuwa kupoteza muda na hayakutabiri utendaji wa mtu kazini. Ukikutana nayo, eleza unavyokadiria hatua kwa hatua na uendelee na safari.

Kipindi cha kubuni mfumo kinaendaje?

Unapewa tatizo pana na kuulizwa ungelijengaje. Nitoe mfano ninaoupenda, kwa sababu ni wa kwetu na ni wa kweli.

Duka la mtandaoni linapokea malipo kwa M-Pesa. Mteja akishalipa, mfumo wa M-Pesa unatuma taarifa kwenye seva ya duka. Siku moja taarifa ileile inaingia mara mbili, na mteja anatumiwa viatu jozi mbili kwa malipo ya jozi moja. Mngezuiaje?

Aliyetazama video tu hukimbilia majina makubwa ya teknolojia: Kafka, Kubernetes, seva kumi kila bara. Aliyewahi kuamshwa usiku na mfumo wa malipo huuliza kwanza: taarifa inakuja na namba ya muamala? Ikiwa ndiyo, namba hiyo inawekewa sharti kwenye kanzidata, yaani hifadhi ya data ya mfumo, kwamba isijirudie. Hapo ninamsukuma kidogo: "Kwa nini usiangalie tu kama namba ipo, na kama haipo ndipo uandike?" Jibu zuri ni kwamba taarifa mbili zinaweza kuingia katika sekunde ileile, zote zikaangalia, zote zikakuta haipo, zote zikaandika. Sharti liwe ndani ya kanzidata yenyewe ili ya pili igonge ukuta. Na seva ijibu "nimepokea" mara zote mbili, la sivyo mtumaji ataendelea kurudia.

Kisha nageuza swali: je, taarifa isipofika kabisa, na mteja analia kwamba hela zimekatwa? Hapo nasikiliza kama atasema mfumo wenyewe uende kuuliza hali ya muamala upande wa pili, maana Daraja, mlango wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa, ina njia ya kufanya hivyo, na kama atafikiria kulinganisha vitabu kila usiku. Akimtaja mtu wa huduma kwa wateja atakayepokea simu ya huyo mteja, nafurahi zaidi. Programu za malipo zina binadamu mwishoni.

Kama umetoka chuo jana, hutarajiwi kujua yote hayo. Unatarajiwa kuuliza.

Kiingereza changu si kizuri. Wataniacha?

Swali hili linatoka sana Tanzania, na ninalichukulia kwa uzito. Kwa kampuni za kimataifa usaili ni kwa Kiingereza, hakuna ujanja. Lakini kinachohitajika ni kueleweka. Nimesikiliza watu wenye Kiingereza cha kuteleza wakizunguka swali bila kuligusa, na watu wenye sentensi fupi za kuhesabika wakieleza kosa la mfumo kwa usahihi kiasi kwamba jopo zima liliacha kuandika likasikiliza.

Fanya mambo mawili. Jifunze kueleza miradi yako mitatu kwa Kiingereza, kwa sauti, mpaka itoke bila kutafuta maneno: tatizo lilikuwa nini, ulifanya nini, matokeo yakawaje. Na usipoelewa swali, sema umeelewa nini na uulize kama ndivyo. Kujibu swali ambalo hukulielewa kunaharibu zaidi kuliko lafudhi yoyote. Kwa kampuni za nyumbani, uliza tu kama mnaweza kuchanganya lugha. Majopo mengi ya Dar yenyewe huhamia Kiswahili mara mambo yanaponoga.

Wananiuliza "tueleze ulipotofautiana na bosi wako". Nijibu vipi bila kuonekana sina adabu?

Swali hili linawatesa watu wetu wenye heshima. Mtu anajibu, "Sijawahi kutofautiana na mkubwa wangu," akidhani amejijengea sifa. Jopo linasikia mtu ambaye akiona seva inaelekea kuungua atanyamaza kwa sababu bosi hajasema kitu.

Wanachotaka ni kuona unavyobeba tofauti. Chagua kisa kidogo cha kweli. Meneja alitaka toleo litoke Ijumaa, wewe ukaona majaribio hayajapita. Ukamwonyesha ni malipo yapi yangekwama. Mkakubaliana litoke sehemu. Usimseme vibaya mtu, mweleze kama mwenzako aliyekuwa na shinikizo lake.

La pili ni "sisi". Tunapenda kusema tulifanya, tulijenga, tulirekebisha, na ni tabia nzuri, haina kosa lolote nyumbani. Usaili unamhitaji mtu mmoja. Sema timu ilikuwa ya watu wangapi, kisha taja sehemu yako waziwazi: "Mimi niliandika sehemu ya kurudisha fedha na majaribio yake." Huko si kujisifu.

Amazon ndiyo inayojulikana zaidi kwa maswali haya. Ina kanuni 16 za uongozi zilizo wazi kwa kila mtu, na maswali yao mengi yamefungwa kwenye kanuni hizo. Pia kwenye majopo yao hukaa mtu kutoka idara nyingine mwenye kazi ya kulinda kiwango, asiye na haraka ya kujaza nafasi. Ukiitwa huko, andaa visa kadhaa vya kweli na uvilinganishe na kanuni zao mapema.

Wamenipa kazi ya kufanyia nyumbani. Ni halali iwe ndefu kiasi gani?

Kazi ya saa mbili au tatu ni ya haki. Ya jioni moja inavumilika. Ikifika wiki nzima, uliza kama wanailipa. Kampuni kadhaa hulipa. Na soma vizuri wanachokuomba. Programu ya mfano ya kukopesha vitabu vya maktaba ni jaribio. "Tutengenezee ukurasa wa malipo uunganishwe na bidhaa yetu, ukiwa na nembo yetu" ni kazi yao ya kweli, na hiyo mtu hulipwa.

Ukiamua kuifanya, usijaze vikorombwezo. Andika maelezo mafupi ya jinsi ya kuiendesha, weka majaribio machache yanayogusa mahali penye hatari, na orodhesha ulichokiacha kwa makusudi na sababu yake. Wanaosaili hufungua maelezo hayo kabla ya kitu kingine. Programu isiyowaka kwenye kompyuta yao kwa jaribio la kwanza huwekwa pembeni, hata iwe nzuri namna gani.

Naweza kutumia ChatGPT?

Waulize, kwa maandishi. Kuna wanaoruhusu na wanataka kuona unavyoikosoa, na kuna wanaokataa kabisa. Mwaka 2025 Sundar Pichai wa Google alisema wanarudisha angalau raundi moja ya ana kwa ana ili kuhakikisha mwombaji anaijua misingi. Wakikataa, usiitumie kwa siri. Msaili akikuuliza kwa nini ulichagua mstari fulani nawe huna jibu, kila kitu kimebomoka hapo, na jina lako linabaki kwenye kumbukumbu zao.

Umeme na intaneti vikinisaliti katikati ya usaili?

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikayumba Tanzania, Kenya na majirani. Waliokuwa na usaili siku zile hawakuwa na kosa lolote. Kwa siku za kawaida, jiandae: laptopu ijae chaji, LUKU au tokeni ziwe za kutosha, simu iwe na bando la mtandao mwingine tofauti na wa nyumbani, na namba ya afisa ajira iwe imehifadhiwa ili umtumie ujumbe papo hapo. Ukikatika, rudi, sema "samahani, mtandao ulikatika, nilikuwa nimefika hapa", uendelee. Usitumie dakika tano kuomba radhi.

Angalia saa mara mbili. Waandishi wa mialiko wanahesabu kwa saa za kizungu, na msichana wa watu ameshafika saa kumi jioni kwa usaili uliokuwa saa nne asubuhi. Halafu kuna majira: saa tatu asubuhi ya San Francisco kwetu ni saa moja usiku miezi yao ya joto, na saa mbili usiku miezi yao ya baridi. Marekani hubadili saa Machi na Novemba, Ulaya mwishoni mwa Machi na mwishoni mwa Oktoba, sisi hatubadili. Usaili ukiangukia wiki hizo, jibu mwaliko kwa kutaja saa ya Afrika Mashariki na uwaombe wathibitishe.

Wakiuliza mshahara, nitaje wa kwanza?

Uliza kwanza wametenga kiasi gani kwa nafasi hiyo. Wakisisitiza, taja kiwango chenye chini na juu, na chini iwe ile ambayo ukipewa utaamka kwenda kazini kwa moyo.

Jambo kubwa zaidi ni kujua namba hiyo ni ya kabla au baada ya makato. Kenya, kabla hela haijafika mfukoni, kuna kodi ya mapato, NSSF, asilimia 2.75 ya bima ya afya ya jamii na asilimia 1.5 ya nyumba. Tanzania kuna kodi ya mapato na mfuko wa hifadhi, na kama ulisoma kwa mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, asilimia 15 ya mshahara wa msingi inaondoka kila mwezi mpaka deni liishe. Vijana wengi hukubali namba nzuri kwenye simu kisha wakalia mwezi wa kwanza.

Kampuni ya nje ikikupa mkataba wa kujitegemea kwa dola, kumbuka kwamba kodi, hifadhi ya jamii, bima na likizo ni juu yako. Toa gharama hizo kwanza, ndipo ulinganishe na ajira ya nyumbani.

Wameniuliza kama nimeolewa na kama natarajia kupata mtoto. Ni sawa?

Si sawa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa misingi ikiwemo jinsia, ndoa na ujauzito, na ulinzi huo unamfikia hata mwombaji wa kazi. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 nayo inamlinda anayetarajiwa kuajiriwa, na ujauzito umetajwa humo. Unaweza kujibu: "Ningependa tuzungumzie majukumu ya kazi. Ratiba mliyoieleza naiweza." Dada zetu wanaulizwa haya mara nyingi, kaka zao waliokaa nje ya mlango uleule hawaulizwi. Wanaume mlio kwenye majopo, mwenzenu akiuliza, mkatisheni hapohapo; msimwachie msailiwa mzigo huo.

Wanataka nilete vyeti vya DCI, KRA, HELB na vinginevyo kabla hata ya usaili.

Kwa Kenya, marekebisho ya sheria ya ajira ya mwaka 2022 yalimzuia mwajiri kudai vyeti hivyo vya uthibitisho, vya polisi wa upelelezi (DCI), vya kodi (KRA) na vya mkopo wa elimu (HELB), kabla hajakusudia kukupa kazi. Waambie utavileta ukipewa ofa. Nakala za kitambulisho na vyeti vya shule nazo ni taarifa zako binafsi, zinalindwa na sheria ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022. Una haki ya kuuliza zinahifadhiwa wapi na kwa muda gani.

Nitajuaje kama ni matapeli?

Anayekudai hela ya usajili, ya sare, ya mafunzo au ya kufanyiwa usaili ni tapeli. Hakuna ubishi hapo.

Kuna utapeli mwingine unaowalenga maprograma hasa. Tangu 2023 wachunguzi wa usalama wa mitandao wamekuwa wakionya kuhusu wadukuzi wanaohusishwa na Korea Kaskazini wanaojifanya waajiri. Wanakutafuta LinkedIn, wanakusifu, wanakupa mradi wa "jaribio" uupakue na kuuendesha. Ndani yake kuna programu hasidi inayoiba nywila na pochi za sarafu za kidijitali. Mradi wa mtu usiyemjua usiuendeshe kwenye kompyuta yenye funguo za kazini au akaunti za benki. Tumia mashine iliyotengwa, soma vifurushi unavyotakiwa kusakinisha, na tafuta kampuni hiyo kwa njia yako mwenyewe, usipitie kiungo walichokutumia.

Walisema watanipigia. Wiki tatu zimepita kimya.

Andika ujumbe mmoja mfupi baada ya siku walizoahidi kupita, na mwingine wiki moja baadaye. Kisha endelea na maombi mengine. Mara nyingi kimya kinatokana na bajeti iliyositishwa au meneja aliyeondoka, mambo yasiyokuhusu wewe.

Lakini nawaambia wenzangu tunaosaili: mtu aliyetumia jioni zake kufanya kazi tuliyomtuma, akaazima laptopu, akapanda daladala mbili kuja kwetu, anastahili sentensi tatu za kumwambia hapana na sababu yake. Tunatuma taarifa elfu za mifumo kwa siku. Ujumbe mmoja wa mrejesho hautushindi. Na wewe msailiwa, ukinyimwa, omba mrejesho kwa swali dogo: "Ningeimarisha kitu gani kimoja kabla ya kuomba tena?" Swali dogo hujibiwa, swali la jumla hupuuzwa.

Sina digrii. Nipoteze muda kuomba?

Omba. Kampuni nyingi za programu zinaangalia ulichojenga. Weka kazi mbili au tatu zinazofanya kazi kweli, zenye watumiaji hata kama ni kikoba cha mama yako. Benki, mashirika ya umma na baadhi ya kampuni kubwa bado hudai cheti. Tangazo likisema ni lazima, amini. Tofauti moja ya kujiandaa nayo: Canonical, watengenezaji wa mfumo endeshi wa kompyuta wa Ubuntu, huajiri watu wa mbali duniani kote na huwaandikisha waombaji majibu marefu, pamoja na maswali kuhusu ufaulu wao wa sekondari. Wengi hushangaa kuulizwa alama za kidato cha nne.

Mwishoni wanasema "una swali lolote?" Niulize nini?

Usiseme huna. Uliza mfumo ukianguka saa nane usiku nani huamshwa, na kama analipwa kwa hilo. Uliza mabadiliko madogo huchukua muda gani tangu yaandikwe mpaka yamfikie mteja. Wakisema wiki sita, uliza yanasubiri nini. Uliza miezi mitatu ya kwanza watakupima kwa kitu gani. Kwa kampuni changa, uliza mishahara ya mwaka huu inatoka wapi, kwenye mauzo au kwenye fedha za wawekezaji, na zimebaki za miezi mingapi. Watu walioachishwa kazi kwa mamia Andela, kampuni iliyokuwa ikiwafundisha na kuwaajiri maprograma wa Afrika, mwaka 2019 Nigeria, Kenya na Uganda wengi walikuwa wahandisi wazuri. Kampuni ilibadili aina ya watu inaowahitaji.

Na uliza aliyekuwa kwenye nafasi hii kabla yako yuko wapi sasa. Kama ni nafasi mpya watakwambia. Kama alipanda cheo watakwambia kwa furaha. Wakitazamana kwanza kabla ya mmoja wao kujibu, mtafute huyo mtu LinkedIn kabla hujasaini.